Mshahara Uliocheleweshwa ni Mkopo wa Nani?

Wengi wetu tumefanya kazi mwezi mzima, kisha tukaambiwa, "Ngoja kidogo." Je, anayechelewesha mshahara amepatwa na shida tu, au ameshika kisicho chake?

Waliokaa Kigali zamani wanaikumbuka Nakumatt. Kampuni hiyo ya Kenya, iliyoanza Nakuru kwa kuuza magodoro, ilifungua duka katika jengo la UTC, katikati ya mji, mwaka 2008. Halikufungwa usiku wala mchana, na wengine walikwenda kutazama tu. Kampuni ikapanuka hadi kupita maduka 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Lakini upanuzi huo ulibebwa na madeni. Mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu, kwa maana walioleta bidhaa hawakulipwa, na wafanyakazi nao wakawa wanangojea mishahara. Januari 2018 mahakama ya Nairobi iliiweka kampuni chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Madeni yalipita shilingi bilioni 30 za Kenya.

Watu husema hiyo ni ajali ya biashara, wote walipoteza. Mimi naona hawakupoteza kwa namna moja. Benki ilipokopesha, ilikagua hesabu, ikaomba dhamana, ikapanga riba. Mwenye kuleta maziwa aliweza kuligeuza gari lake akarudi nalo. Mfagiaji na yule wa kupanga rafu hakuna aliyewaomba mkopo. Walikopesha nguvu zao za siku 30, bila dhamana wala riba, na mwezi wa pili wakaendelea, kwa sababu kuacha kazi kulikuwa kupoteza hata ile ahadi. (Dada anayetufulia nguo, tukimwambia arudi Jumamosi, naye ametukopesha.)

Mwingine atajibu: bila duka lile wasingepata kazi kabisa. Ni kweli, na sisi tulioacha mashamba yetu tunajua uzito wa neno hilo. Lakini uhitaji wa mtu haugeuzi deni kuwa hisani. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inataka kibarua alipwe siku ile ile, awe ndugu au mgeni, na sababu yake ni umaskini wa kibarua. Haiulizi kama biashara ya tajiri inakwenda vizuri.

Linabaki swali gumu la meneja mwenye fedha kidogo. Akiwalipa wafanyakazi kwanza, rafu zitabaki tupu na duka litakufa. Akinunua bidhaa kwanza, huenda kazi za wote zikaokoka. Sithubutu kusema kila meneja wa namna hiyo ni mwizi. Ila angewaita, awaonyeshe hesabu, awaulize kama wako tayari kungoja. Na wakikataa, awalipe.