Amana ya Sikio: Nasaha kwa Wenye Kupeana Nyimbo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa masikio, na macho, na moyo, ili apate kushukuru. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baad. Katika machimbo ya dhahabu ya Geita, kama Nyarugusu na Rwamgasa, na katika yale ya Kahama na Shinyanga, iko desturi iliyoenea kwa vijana. Jua likichwa, wachimbaji wakiisha kupanda kutoka maduarani na kujikosha vumbi, hukaa mbele ya vibanda wakingoja chakula. Hapo mmoja humwuliza mwenziwe: Unasikiliza nini siku hizi? Naye hutoa simu yake, akampa hedifoni ya sikio moja, nyingine akabaki nayo, wakasikiliza pamoja wimbo mmoja. Ukimpendeza, husema: Nirushie. Na kabla ya usiku kuwa mkubwa, wimbo ule umekwisha ingia katika simu kumi.

Jambo hili huonekana dogo, wala si dogo. Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametujulisha ya kuwa sikio na jicho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Basi sikio ni amana. Na ampaye mwenziwe kitu cha kusikiliza ametia mkono wake katika amana ya mtu mwingine.

Kwanza yapasa ijulikane ya kuwa asili ya desturi hii ni mapenzi, na mapenzi hayalaumiwi. Kijana aliyetoka Maswa au Kigoma akaja kutafuta riziki, hana mama karibu wala ndugu. Akisikia sauti iliyomliwaza, humwita jirani yake naye aliwazike. Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya kuwa haikamiliki imani ya mtu mpaka ampendelee nduguye lile alipendalo kwa nafsi yake. Lakini hapo hapo ndipo penye mtihani. Mtu humpa mwenziwe akipendacho; basi na atazame kwanza, ni kitu gani hicho akipendacho?

Wala kumwomba mwenzio akusikilizishe si jambo geni katika dini. Mtume (s.a.w.) siku moja alimtaka Abdallah bin Masuud amsomee Kurani. Ibn Masuud akastaajabu: vipi amsomee yeye aliyeteremshiwa? Mtume akamjibu ya kuwa hupenda kuisikia kwa mtu mwingine. Akasoma Sura ya Nisaa mpaka alipofika aya ya 41, yenye kutaja mashahidi wa Siku ya Kiyama, Mtume akamwambia basi. Na Ibn Masuud alipomtazama, aliona macho yake yakitoka machozi. Na siku nyingine, kama alivyopokea Muslim, Mtume alimpakia Sharid nyuma yake juu ya mnyama, akamwuliza kama ana mashairi ya Umayya bin Abi Salt. Sharid akasoma ubeti, Mtume akasema aendelee. Akasoma mwingine, akasema aendelee. Hata zikatimia beti 100. Naye Umayya hakuwa Muislamu, ila maneno yake yalikuwa na hekima. Kwa hivyo asikilizaye hatazami jina la msemaji pekee, hutazama lisemwalo.

Na wachimbaji wanacho kisa kilicho chao khasa. Mwaka wa 5 wa Hijra Waislamu walichimba handaki kuuzunguka upande wa Madina usio na kinga. Ilikuwa baridi, na njaa, na udongo mgumu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichukua udongo mpaka vumbi likafunika tumbo lake, na huku akiimba pamoja nao maneno ya Abdallah bin Rawaha, ya kukiri ya kuwa uongofu watoka kwa Mungu na kumwomba utulivu na uthabiti, akiipaza sauti kila afikapo mwisho. Basi asiambiwe mchimbaji ya kuwa dini yamtaka akae kimya kama jiwe. Watu bora wa umma huu waliimba wakiwa na sururu mikononi.

Ama hukumu, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameipambanua. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameandika katika Minhaj ya kuwa uimbaji wa kuongozea ngamia safarini ni halali. Na kuimba bila ya ala, na kusikiliza huko, ni makuruhu. Na ala zilizo alama ya walevi, kama udi na namna ya zumari, ni haramu. Na dufu ni ruhusa katika harusi na khitani. Wako wanavyuoni wengine waliolegeza katika baadhi ya haya. Mwenye kuchukua kauli ya kukaza asimtukane nduguye, na mwenye kuchukua ya kulegeza asiifanye hoja ya kila upuuzi. Lakini yako mambo ambayo hapana aliyeyahalalisha: maneno ya kuita zina, na kusifu ulevi, na kumvunjia mtu heshima yake kwa mafumbo, hata yangeimbwa bila ya ala yoyote.

Na katika nchi ya Wasukuma iko ngoma ya mashindano ya Wagalu na Wagika, ichezwayo baada ya mavuno, kila upande ukiwa na manju wake. Nyimbo za kulimia pamoja na za kumshukuru aliyevuna si tatizo kubwa. Tatizo ni zile dawa za kuvutia watu na kumshinda manju wa pili, ambazo mashindano hayo yamejulikana kwazo. Muislamu apendaye kusikiliza ngoma ya kwao asiisahau shirki iliyofichika nyuma yake. Mwenye kuvuta nyoyo za watu ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Zamani wimbo ulihitaji mwimbaji awepo. Alipoondoka, sauti iliondoka naye. Mwaka 1928 Siti binti Saadi alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri, na santuri hizo zikaenea pwani, zikaimba mahali ambapo yeye hakuwapo. Baada ya santuri ikaja kanda, kisha kadi ya simu itiwayo nyimbo mia kwa fedha kidogo. Leo kila mwenye simu amekuwa mwenye kueneza. Arushacho usiku Rwamgasa, kesho chasikika Kahama, na kesho kutwa chafika asikokujua.

Na hapa ndipo penye jambo zito. Muslim amepokea kwa Abu Huraira ya kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha: mwenye kuita katika uongofu hupata ujira mfano wa ujira wa wote wamfuatao, bila ya wao kupunguziwa, na mwenye kuita katika upotofu hubeba dhambi mfano wa dhambi zao, bila ya wao kupunguziwa. Kijana humrushia mdogo wake aliye nyumbani wimbo wa maneno machafu, kwa kuwa mdundo wake umempendeza. Mtoto hajui maana. Huukariri akichota maji, huuimba mbele ya mama yake. Baadaye kaka mtu akatubu, akaufuta katika simu yake. Ameufuta kwake, je, ameufuta katika kifua cha yule mtoto?

Basi toba ya jambo hili si kufuta tu. Ni kuacha, na kujuta, na kuazimia kutorudi, kisha kuwaendea wale aliowapa na kuwaambia: nilikupa kisichofaa, nami nimekiacha. Ni maneno machache, ila yataka ushujaa kuliko kushuka duarani.

Na asiyetaka kutoa kibaya asidhani ya kuwa yatosha kufungua Kurani kwa spika kubwa katikati ya kelele za mchezo na biashara. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Aaraf, aya ya 204, isomwapo Kurani isikilizwe kwa kunyamaza. Kurani haikuteremshwa iwe mdundo wa kupitishia wakati. Bora mtu amwite mwenziwe kando, amwambie: sikiliza kisomo hiki pamoja nami, dakika tano. Huko ndiko kumfuata Mtume na Ibn Masuud.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi iliyowafukia. Na wengi katika machimbo hufukiwa wasitolewe. Kila ashukaye duarani huacha juu nyimbo alizowapa watu, nazo huendelea kuimba naye hayupo. Heri aliyeacha katika masikio ya wenziwe lile ambalo, akiulizwa kwalo, hataona haya kulijibu.

Basi kijana atakapoulizwa jioni, Unasikiliza nini? na akumbuke ya kuwa swali hilo litarudiwa, na siku hiyo mwulizaji hatakuwa mchimbaji mwenziwe.

Ewe Mola, yatakase masikio yetu, na uwalinde wachimbao katika matumbo ya ardhi, na uwarehemu waliobaki humo. Amin.

Wa billahi ttawfiq.