"Kwani Ulitaka Afe?"



Leo nataka nikusimulie jambo lililonitia aibu mbele ya mdogo wangu. Jumamosi moja jioni tulikaa kuangalia Bomb Patrol: Afghanistan, mfululizo wa vipindi vya matukio halisi ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2011 kwenye kituo cha G4. Vipindi hivyo vinakifuata kikosi cha kutegua mabomu cha Jeshi la Majini la Marekani kikiwa kazini Afghanistan. Siyo maigizo. Kamera zimefungwa kwenye kofia za askari na kwenye magari yao, yaani unaona wanachokiona wao.

Kuna askari alikuwa amepiga magoti, anapapasa udongo taratibu. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio. Akamaliza kazi salama, akarudi kwa wenzake. Nikajikuta nimesema, "Aah, kumbe hamna kitu!" Mdogo wangu akanigeukia: "Kwani dada, ulitaka afe?"

Nilicheka. Lakini usiku, nilipokuwa natafakari siku yangu kabla ya kulala, swali lile likarudi. Ukweli ni kwamba sikutaka afe. Ila nilitaka kitu kilipuke. Nilikuwa nasubiri hatari ya mtu mwingine iniburudishe.

Hebu fikiria kazi yao. Katika vita ile, mabomu mengi yalitengenezwa kwa mkono: mbolea inageuzwa kuwa baruti, inajazwa kwenye dumu la plastiki kama yale ya mafuta ya kula, halafu dumu linafukiwa njiani. Juu yake kunawekwa kibao, ukikikanyaga tu umekwisha. Chuma kinatumika kidogo sana ili vifaa vya kutafutia chuma visikigundue. Wakati mwingine bomu la pili hufichwa jirani, likimsubiri huyo huyo anayekuja kutegua la kwanza. Ndiyo maana wakiweza wanatanguliza roboti. Ikishindikana, mtu mmoja anakwenda kwa miguu na wenzake wanabaki nyuma. Mara nyingi hata hawalifungui; wanawasogeza watu mbali, wanaweka baruti yao pembeni, wanalilipua wenyewe.

Kwa hiyo kazi ikifanikiwa kabisa, hakuna cha kusimulia. Kesho yake mtoto anapita pale na mbuzi wake, hajui kwamba kuna mtu alipiga magoti hapo kwa ajili yake. Hatasema asante.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika Summa Theologiae anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu siyo kushambulia, ni kuvumilia: kubaki imara mbele ya hatari bila kuiacha njia ya wema. Sisi vijana tumezoea kudhani shujaa ni yule anayepiga. Thomas anasema kustahimili ni kugumu zaidi. Na anaongeza kwamba nguvu bila haki siyo fadhila. Anayejitupa kwenye hatari ili asifiwe siyo shujaa. Ibilisi naye alimwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, na Bwana akakataa. Askari anayetanguliza roboti siyo mwoga. Huyo ana busara, na busara ni dada yake nguvu.

Najua kuna atakayeniuliza: si ni askari wa upande mmoja wa vita? Wanasafisha njia ili jeshi lao lipite. Ni kweli, na mimi siwezi kukuambia kwamba kila kilichofanyika katika vita ile kilikuwa cha haki. Kanisa linatutaka tuchukie vita na tuipime kwa vipimo vikali. Lakini bomu lililofukiwa njiani halimuulizi mtu sare yake wala umri wake. Anayeliondoa anamwokoa askari mwenzake, na anamwokoa pia mwanakijiji ambaye pengine hampendi. Tendo hilo ni jema hata kama vita yenyewe ina maswali.

Sasa nirudi kwangu, maana swali la mdogo wangu halikuishia kwenye televisheni.

Wiki chache kabla ya hapo, marafiki zangu wawili katika kikundi chetu cha vijana waligombana kuhusu michango ya safari ya hija. Mmoja alinitumia ujumbe wa sauti, ana hasira, akimsema vibaya mwenzake. Mwenzake akaniuliza, "Amesema nini?" Nami nikamtumia ule ujumbe. Nilijiambia kwamba nasema ukweli tu. Uongo! Nilitaka kuona itakuwaje. Wale wawili wakaacha kusalimiana, hata wakati wa kupeana amani kwenye Misa walikuwa wanakwepana macho. Mimi nimekaa katikati yao, mikono safi, kama mtazamaji.

Kumbe mimi ndiye niliyefukia dumu.

Nilikwenda kuungama. Halafu ikabidi niende kwao, mmoja mmoja, kwa miguu, niseme: ni mimi. Hapakuwa na roboti ya kutanguliza. Mmoja amenisamehe. Mwingine bado, na nina lazima ya kuvumilia hilo bila kumlaumu. Wao kwa wao wameanza kusalimiana, kidogo kidogo.

Kijana mwenzangu, wiki hii utapata nafasi ya kulifuta neno badala ya kulisambaza, na ya kunyamaza pale ambapo kusema kungeleta moto. Hakuna atakayejua. Hutapata pongezi, kwa sababu kitu ulichokizuia hakikutokea. Baba yako wa mbinguni aonaye sirini anajua.

Tusali: Bwana Yesu, uliyetembea peke yako kuelekea Kalvari ili sisi tupite salama, utusamehe tulipofurahia hatari ya wengine. Utupe nguvu ya kuvumilia na busara ya kutegua tulichokitega wenyewe. Amina.

Na wewe, kuna dumu gani ulilofukia? Anza leo.