Kiota cha Kitwitwi



Katika fukwe zetu, tangu Kilwa hata Lindi, yuko kitwitwi mdogo mwenye paji jeupe. Hajengi kiota cha majani kama mnana. Huparura kijishimo mchangani, juu ya mwisho wa maji ya bamvua, akataga mayai mawili hivi, yenye rangi ya mchanga wenyewe. Mtu akikaribia, huyafunika kwa mchanga, kisha hukimbia mbali kana kwamba hana lake pale.

Asubuhi moja, karibu na Kilwa Masoko, nilikiona kiota cha namna hiyo, nikakipenda. Sikugusa kitu. Nilisimama nikitazama, nikarudi kesho yake na kesho kutwa. Siku ya nne nilikuta kijishimo kitupu, na alama za kunguru kando ya nyayo zangu.

Je, nilikosa? Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inatukataza kumtwaa ndege mama pamoja na makinda yake, haikatazi kutazama. Tena nia yangu ilikuwa njema, kuistaajabia kazi ya Mungu. Lakini ulinzi mkubwa wa kiota kile ulikuwa kutojulikana mahali pake, na ulinzi huo niliuvunja mimi. Nia njema haikufuta nyayo zangu.

Ndivyo tulivyo na majirani pia. Nyumba fulani imepatwa na fedheha. Mara ya kwanza twaenda kufariji. Mara ya pili kuuliza. Mara ya tatu kujua zaidi. Hatukusema neno baya, lakini njia tumeichora, na wenye midomo wanaifuata.

Sisemi tusiwatembelee wenye shida. Bwana ametuagiza katika Mathayo 25. Nasema tutambue ni nani anayehitaji mkono wetu, na ni nani anayengoja tuondoke. Mwenye nyumba anayezungumza nawe amesimama mlangoni, wala hakukaribishi kiti, amekwisha kukujibu.

Siku hizi namtazama kitwitwi kwa mbali, nimekaa chini ya mvinje. Naona machache kuliko zamani, lakini namwona akirudi kuyalalia mayai yake.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Basi pazia hilo na tulitie wenyewe, kwa ajili ya upendo. Amina.