Pole Tunayoibana

Mwanafunzi akilazwa kwa malaria, wenzake humpelekea machungwa, na akirudi kila anayekutana naye humwambia pole. Hiyo ni adabu tuliyolelewa nayo. Pole tunampa hata mtu aliyejikwaa tu njiani. Lakini mwanafunzi huyo huyo akirudi kutoka Mirembe, kule Dodoma, pole hukauka midomoni. Huyu hunyamaza, yule huangua kicheko, na mwingine huuliza kwa kunong'ona kama kwao wana jadi hiyo. Kwa nini tunaibana?

Nadhani sababu moja imo katika lugha yenyewe. Neno mwendawazimu lina undugu na mzimu. Wazee wengi waliamini kwamba aliyepatwa na maradhi hayo amepandwa na kitu, na kitu hicho labda kimetumwa, au kimefuata kosa la nyumbani. Sisi tuliosoma twajua kwamba ubongo nao huugua, kama ini au figo; imani ya wazee tumeiacha, hofu yao tumebaki nayo. Na pengine tumewazidi kwa ubaya, kwani wao mgonjwa wao walimchezea ngoma, ukoo ukakesha naye, ilhali wapo miongoni mwetu wanaomfungia wao chumba cha uani wageni wasimwone.

Hata jina la hospitali tumeligeuza tusi. Mtu akitania hovyo, huambiwa apelekwe Mirembe. Nairobi huambiwa Mathari. Sijapata kusikia mtu akitukanwa kwa kutajiwa Muhimbili.

Hapa ndipo wanafunzi wanapoingia, maana maneno haya hukua shuleni. Watasema ni utani tu, hauna nia mbaya. Nakubali. Lakini nia hubaki moyoni mwa msemaji. Linalomfikia msikilizaji ni neno. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 42 lina sita. Nao hucheka pamoja na wengine, na papo hapo wanajifunza kwamba lao wasilitaje kamwe, hata kwa mganga.

Nilipokuwa nikifundisha, kijana mmoja alirejea darasani baada ya kutibiwa muhula mzima. Bwenini wenzake walikwisha sogeza vitanda vyao mbali na chake. Msichana mmoja wa darasa lake hakutoa hotuba yoyote. Alimpelekea madaftari yake anukuu, akamwambia, "Pole. Hesabu zimekuwa ngumu tangu uondoke." Basi. Sisemi kwamba darasa zima liligeuka. Vipo vitanda ambavyo havikurudi. Lakini kijana alipata mtu wa kuketi naye, na kwa mgonjwa hilo si jambo dogo. Mimi nayaamini madaftari yale kuliko fulana na maandamano, ingawa nayo sikatai.

Liko jambo gumu zaidi. Rafiki anakuambia usiku kwamba amechoka kuishi, nawe umeapa hutamwambia mtu. Wanafunzi wengi hushika kiapo, wakidhani kusema ni usaliti. Siri ni amana, kweli. Lakini amana huwekwa ili mwenyewe arudi kuichukua. Asiporudi, umemtunzia nani? Na hofu ya kusema haikuwa ya bure: Kenya, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu kisheria mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo chagua unayemwambia: mwalimu au mzazi unayemjua kuwa ana huruma na hana domo. Mwambie kwanza rafiki yako kwamba unakwenda kusema, na akikubali mwende pamoja. Akikataa, nenda peke yako, usiku huo huo. Bwenini usimwambie mtu.