Ruhusa Iliyonunuliwa

Liko neno moja ambalo siku hizi twalitamka mara nyingi bila kulifikiri, nalo ni hili: Nakubali. Mtu akinunua simu mpya, huulizwa kama ayakubali masharti. Akitaka kumpelekea picha nduguye aliye mbali, huulizwa tena. Naye hugusa kioo kwa kidole, mambo yakaendelea. Masharti yenyewe ni marefu, yameandikwa kwa namna ya mawakili, na mara nyingi si kwa lugha yetu. Basi twataka kuuliza: je, aliyekubali hivi amekubali kweli? Na kama sivyo, yule aliyeipokea ruhusa yake amepokea nini?

Tulitazame jambo lililotukia Kenya mwaka 2023. Kampuni iitwayo Tools for Humanity ilianzishwa mwaka 2019, na mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman wa Marekani. Mwezi wa Julai 2023 kampuni hiyo ilizindua kazi yake iliyoitwa Worldcoin. Ilikuwa na chombo cha mviringo, king'aacho kama mpira wa chuma, nacho hupiga picha mboni ya jicho. Mboni za watu hazifanani, hata za mapacha. Picha ile hugeuzwa kuwa namba, na kwa namba hiyo hujulikana kwamba aliyesimama pale ni mtu, si mashine, tena hajaandikwa mara mbili. Aliyekubali alipewa sarafu 25 zisizoshikika kwa mkono, ambazo thamani yake siku zile ilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya. Watu wakajaa Nairobi kwenye jengo la mikutano la KICC, wakapanga foleni ndefu. Tarehe 2 Agosti serikali ikaisimamisha kazi ile.

Tuseme neno kando. Altman huyu ndiye pia mkuu wa kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, mashine ijibuyo maneno kama mtu. Hivyo yeye ambaye mashine yake hutufanya tushindwe kumtambua mtu, ndiye aliyekuja na chombo cha kumtambua. Hatusemi kwamba alikusudia hila, lakini mkulima akiona muuza dawa anafuga viwavi, ana haki ya kuuliza.

Wengi waliwacheka wale wa foleni, wakisema wameuza macho yao kwa bei ya magunia machache ya makaa. Sisi hatutawacheka. Baba ambaye bei ya unga imempanda, na karo ya mtoto haijalipwa, akiambiwa atazame ndani ya mpira kwa muda mfupi kisha apewe shilingi 7,000, atafanya nini? Aliye shiba asimpime kwa kibaba chake.

Walakini mtu aweza kutujibu hivi: "Mpagazi naye huchukua magunia bandarini kwa sababu ya njaa. Je, mapatano yake na tajiri wake ni bure? Kama kila akubaliye kwa shida hakukubali, basi maskini hana ruhusa yoyote duniani, nanyi mmemfanya mtoto." Jibu hili lina nguvu, wala hatulipuuzi. Umaskini haumwondolei mtu akili yake, na anayesema kwamba maskini hawezi kuamua neno lake amemdharau kuliko kampuni ilivyomdharau.

Lakini tuutazame mzigo wenyewe. Mpagazi huuona uzito wa gunia kabla ya kuliinua. Jioni hulitua, akarudi nyumbani na mgongo wake, na kesho aweza kukataa. Aliyetoa mboni yake hakuuona uzito. Kampuni ilisema kwamba picha zenyewe hazitunzwi ila kwa ridhaa ya mtu; lakini namba ile itakaa wapi, nani ataitumia, na baada ya miaka 20 itafungua mlango gani, mambo hayo mtu wa foleni hakuyajua, wala hakupewa nafasi ya kuyajua. Tena mzigo huu hautuliki. Neno la siri likiibiwa, mtu hubadili neno la siri. Jicho hulibadili kwa nini? Kwa hiyo kosa la mapatano yale silo njaa peke yake. Kosa ni njaa upande mmoja, giza upande huo huo, na kitu kisichorudi kikiwekwa kati.

Kenya ilikwisha kuona alama za mwili zikiandikwa daftarini. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za kazi yake, nayo ilitiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Watu walikichukia kipande, wakakipinga miaka mingi mpaka sheria ikabadilishwa mwaka 1947. Yule wa kipande alilazimishwa, naye alijua kwamba amelazimishwa. Uzito wa chuma ulimkumbusha kila alipoinama. Huyu wa leo halazimishwi na askari, hupewa zawadi, naye huondoka akishukuru. Ni yupi aliye huru zaidi? Hatuoni kwamba jibu ni jepesi kama linavyoonekana.

Wengine husema: "Mimi sina la kuficha, wanijue tu." Maneno hayo tumeyasikia hata kwa watu wenye busara. Tufikiri juu ya mwenye duka wa kijijini. Analo daftari lake la mikopo. Humo mmeandikwa nani aliyekopa sukari, nani aliyelipa nusu. Akilisoma vema aweza kujua nyumba ipi imepata wageni, ipi ina mgonjwa, na mume yupi hunywa kuliko anavyomwambia mkewe. Nasi hatumwogopi. Kwa nini? Kwa kuwa sisi nasi twamjua. Twaijua nyumba yake, na mizani yake tumeizoea. Akizitoa siri za watu, wazee watamwita barazani, na siku mwanawe atakapoposa, wataulizana habari za babaye. Kujuana huku kwa pande mbili ndiko kunakoulinda ulimi wake. Haukulindwa na wema wake tu.

Makampuni makubwa ya intaneti yana daftari pia, lakini hayana baraza. Yajua mahali tulipolala, yajua tuliyempigia, yajua swali ambalo mtu aliuliza usiku wa manane alipoona uvimbe mwilini mwake, hata kabla hajamwambia mganga. Google na Meta hupata sehemu kubwa ya mapato yao kwa matangazo, na tangazo hupata bei kwa kadiri mtangazaji anavyojua ni nani atakayeliona. Mwaka 2014 Facebook iliinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19 hivi, nasi twaitumia bure. Hatudai kwamba huduma hizi ni mbaya. Barua iliyochukua majuma matatu sasa hufika kabla chai haijapoa, na tunashukuru. Twasema tu kwamba wao watujua nasi hatuwajui, na ajuaye bila kujulikana amekuwa mkubwa juu ya mwenzake, akiwa mwema au asiwe mwema.

Tena liko jambo ambalo neno "Nakubali" halilifikirii kabisa, nalo ni jirani. Watu wapatao 270,000 waliiingia programu moja ya maswali katika Facebook. Wao walikubali. Lakini kwa kupitia kwao habari za rafiki zao zilichukuliwa pia, na mwaka 2018 Facebook yenyewe ikasema kwamba huenda waliohusika wakafika milioni 87, ambao habari zao zilifikia kampuni ya siasa iliyoitwa Cambridge Analytica. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Lakini twajiuliza: wale mamilioni, nani aliwaulizia ruhusa? Mtu ye yote aifunguliaye programu kitabu cha namba za simu yake amewatoa mama yake, mkwewe na fundi wake wa baiskeli. Na mwalimu wa mtaa anayetia majina ya wagonjwa pamoja na magonjwa yao katika kundi la simu la watu 200, naye ametoa kisicho chake, ijapokuwa nia yake ni njema.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Zote mbili humpa mtu haki ya kuuliza ni habari gani zake zimetunzwa. Ni wachache waliopata kuuliza.

Ile kesi ya mboni ilifika Mahakama Kuu ya Kenya, ikiletwa na Taasisi ya Katiba na wenzake. Mwezi wa Mei 2025 mahakama iliona kwamba ruhusa iliyopatikana kwa kuvutwa na sarafu haikuwa ruhusa halali, ikaamuru kwamba habari za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe katika siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Twaisifu hukumu hiyo. Lakini karatasi ya kipande mtu aliweza kuitia motoni, akauona moshi wake kwa macho yake. Namba haina moshi. Yule baba aliyesimama foleni pale KICC ataambiwa kwamba namba yake imefutwa, naye hana njia ya kwenda kutazama.