Maua ya Desemba

Kwa miaka mingi uwanja wa mbele wa kanisa letu, hapa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ulipendeza kwa majuma mawili tu. Krismasi ilipokaribia na ndugu zetu wakaanza kurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, tulipaka mawe chokaa na kupanga makopo ya maua mlangoni. Januari yalikuwa yamekauka. Kisha mwezi wa nane tulimzika mama mmoja aliyeufagia uwanja ule mpaka alipougua, na jeneza lake likapita kwenye vumbi na kokoto zilizobaki tangu ujenzi.

Tuliona aibu. Tulikuwa tukiwapambia wageni. Wanaokuja Jumapili zote 52 hatukukumbuka kwamba nao wana macho.

Baraza la wazee likapendekeza bustani yenye kitu cha kutazama kila msimu: mkrismasi kwa Desemba, jakaranda kwa Oktoba, bogenvilia ukutani kwa miezi ya jua, mishubiri inayochanua wakati wa baridi, na masale langoni, maana hayo ni mabichi mwaka mzima. Mzee mmoja akapinga. Alisema fedha hiyo ni ada ya mtoto. Tukamjibu upesi kwa habari ya Bethania, ile marhamu ya dinari 300, na tukamkumbusha ni nani aliyeuliza kwa nini haikuuzwa wakapewa maskini. Watu wakacheka. Mzee akakaa.

Jambo hili limetusumbua kuliko bustani yenyewe. Yohana anaeleza wazi kwamba Yuda hakuwajali maskini. Alikuwa mwizi, naye ndiye aliyeshika mfuko. Mzee wetu hashiki mfuko wowote, na mtoto aliyemtaja analala nyumbani kwake. Maneno yalifanana, mioyo haikufanana, nasi hatukutaka kutazama moyo kwa sababu maneno yalitufaa. Bado tunaamini kwamba mjane anayekuja ibadani Februari anastahili ua kama anavyostahili mgeni wa Krismasi. Lakini mtu anaweza kuwa na hoja njema na akaitumia kama fimbo.

Mwishowe tulinunua miche michache tu ya miti. Mengine yalitoka kwa majirani, kwa kuwa bogenvilia na sale huota kwa tawi lililokatwa. Kazi ni maji ya kiangazi, wageni wakiisha kuondoka: ndoo kichwani, kwa zamu za jumuiya. (Zamu ya wanaume ndiyo husahaulika.)

Masale yameshika vizuri pale langoni. Sisi Wachaga tunajua jani lake hufanya kazi gani: aliyemkosea mwenzake hulichukua na kwenda nalo kuomba msamaha. Huu ni mwaka wa pili tunayamwagilia, na mzee hupita katikati yake kila Jumapili. Hakuna aliyekata jani bado.