Mlenda wa uani ni wa nani?

Mvua za kwanza zikishapiga hapa Zuzu, uani kwangu kunaota vitu viwili. Kuna mchicha, nilioupanda na kuumwagilia kwa ndoo. Halafu kuna mlenda. Huo sikuupanda, umejiotea tu. Sasa jirani akija na ungo wake kuuchuma, nimwambie nini?

Wapo watakaosema: uzio ni wako, kilichomo ndani ni chako. Sawa, lakini uzio kazi yake ni kuzuia mbuzi. Mchicha naudai kwa jasho langu. Mlenda nitaudai kwa lipi?

Kwetu Dodoma jambo hili si dogo. Mvua kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mlenda wa leo huanikwa, ukatwangwa, ukaja kuliwa kiangazi kwa ugali wa uwele au mtama. Ugogo iliwahi kupitia Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana. Mwaka wa namna hiyo, mboga ya porini ni uhai.

Basi mimi nashika hivi: cha jasho, mtu aombe, cha mvua, apige hodi tu. Hodi haiombi mlenda, inaheshimu nyumba. Nami nikiitikia "karibu", nisijihesabie kwamba nimetoa sadaka. Mtu hatoi sadaka kwa kitu ambacho hakikuwa chake.